Visima vya Garissa: Jinsi jamii inavyosimamia maji yake

Mvua ya Gu inaponyesha Garissa, kuanzia mwezi wa Aprili, visima virefu vingi hunyamaza. Wafugaji huhamia kwenye mabwawa yaliyojaa, na mahali pengine wazee hufunga kisima makusudi ili nyasi zilizo karibu zipate kuota tena. Katika miezi hiyo kamati ya maji hupata fedha kidogo mno, au isipate kabisa. Kiangazi cha Jilaal kinapofika, takriban Januari hadi Machi, ngamia, ng'ombe na mbuzi hurejea kwa pamoja, na jenereta hunguruma usiku na mchana. Ndipo mitambo inapoharibika.

Hali hiyo ndiyo ufunguo wa kuelewa usimamizi wa maji katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ambazo hadi 2013 zilikuwa mkoa mmoja wa Kaskazini Mashariki. Ukiacha Mto Tana, na Mto Daua wa Mandera ambao nao hukauka nyakati za ukame, eneo hili hutegemea mabwawa, visima vifupi na visima virefu vya mitambo. Vile vya Dadaab, Liboi na Habaswein huvuta maji katika hifadhi ya chini ya ardhi iitwayo Merti, ambayo pembezoni mwake maji huwa ya chumvi.

Kusimamia maji kwa pamoja si jambo geni hapa. Jina El Wak lenyewe maana yake ni visima vya Mungu. Kwa mila, kisima huwa cha ukoo uliokichimba, zamu za kunywesha hupangwa, na mgeni mwenye kiu hanyimwi. Kilicho kigeni ni injini. Kisima cha mkono kilihitaji nguvu za vijana. Kisima kirefu kinadai dizeli, oili, fundi na vipuri vya kutoka mbali.

Katika miaka ya 1970 serikali, kwa misaada ya wafadhili, ndiyo iliyojenga mabwawa na visima vya mifugo. Baadaye mzigo uliishinda. Sera ya maji ya 1999 ilielekeza miradi ikabidhiwe jamii, na Sheria ya Maji ya 2002 ikaleta bodi za kanda, miongoni mwao Bodi ya Huduma za Maji ya Kaskazini yenye makao yake Garissa. Katiba ya 2010 ikaipa kaunti jukumu la huduma hizo.

Kamati huwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, pamoja na mwendesha mtambo. Ada hutozwa kwa kila mnyama. Ngamia aliyekaa siku nyingi bila kunywa aweza kumaliza zaidi ya lita 100 kwa mara moja, hivyo hulipiwa kuliko mbuzi. Maji ya nyumbani huuzwa kwa mtungi. Kisima chenye wateja wengi basi ni biashara ya kweli, na mapato ya miezi michache ya kiangazi yapaswa kuwekwa akiba ya matengenezo ya mwaka mzima. Hapo ndipo kamati nyingi hukwama. Saa za mtambo zisipoandikwa, hakuna ajuaye dizeli imekwenda wapi. Hesabu zisiposomwa mbele ya watu, shaka huingia na malipo hupungua.

Ukame unapozidi, kama ule wa misimu mitano mfululizo ya mvua haba kati ya 2020 na 2022, serikali na mashirika huleta dizeli ya bure na malori ya maji. Msaada huo huokoa maisha, wala hakuna mwenye akili atakayeupinga. Hata hivyo huizoesha kamati kuamini kwamba akiba si ya lazima. Paneli za sola nazo zimepunguza gharama ya mafuta, lakini mteja huuliza mbona alipie jua.

Pampu iliyozama zaidi ya mita 100 haitolewi na watu wa kujitolea. Programu ya Kenya RAPID, iliyoanza 2015 katika kaunti tano zikiwemo Garissa na Wajir, ilifunga vitambuzi vya kutoa habari kisima kinaposimama. Habari pekee haitoshi. Lazima awepo fundi anayelipwa kwenda. Huko Kyuso, Kitui, jaribio la aina hiyo lilipunguza muda wa kukarabati pampu za mkono kutoka siku 27 hadi chini ya tatu. Injini ya Garissa, yenye maelfu ya mifugo nyuma yake, ni gharama nyingine kabisa.

Kifungu cha 94 cha Sheria ya Maji ya 2016 kinaruhusu kaunti kuandikiana mkataba na jamii kuhusu huduma za vijijini. Mkataba huo ungeweza kutaja nani hubadilisha oili na nani hununua injini mpya. Pale ambapo haujaandikwa, ni mweka hazina wa kijiji anayedandia lori kwenda mjini kutafuta kipuri, huku mifugo ikisubiri kwenye mabirika makavu.