Jinsi ya kuchagua msumeno mwepesi wa kupogolea matawi mazito

UA wa kayaba usipopogolewa kwa miaka kadhaa, matawi yake hugeuka kuwa magogo madogo ambayo panga huyachanachana tu, likiacha vidonda vinavyokaribisha maradhi.

Makasi ya mikono mirefu humudu tawi lenye unene wa sentimita 3 au 4. Likizidi hapo, sharti msumeno utumike. Na iwapo matawi ni mengi, msumeno wa mashine huokoa muda na mgongo.

Msumeno wa petroli una nguvu nyingi, lakini ni mzito, una kelele na huhitaji petroli iliyochanganywa na oili. Wa umeme wa waya ni mwepesi, ila waya wenyewe hunaswa na miiba na waweza kukatwa na mnyororo.

Kwa ua wa nyumbani, wa betri ndio unaofaa zaidi. Misumeno midogo ya mnyororo, yenye bapa la sentimita 10 hadi 15, huwa na uzani wa kilo moja hadi mbili hivi. Hakikisha kwamba bapa ni refu kuliko unene wa tawi unalonuia kukata.

Aidha, kuna msumeno ambao upanga wake huenda mbele na nyuma. Huu hupenya vichaka vilivyosongamana na hauhitaji oili ya mnyororo, ingawa hutetemesha mikono. Uwekee upanga wa meno makubwa, maadamu meno madogo huziba kwa mti mbichi.

Mnunuzi asihadaike na maandishi ya kasha. Betri ya volti 18 na ile iliyoandikwa volti 20 aghalabu ni kitu kimoja: ya pili imepimwa ikiwa imejaa chaji. Kinachoonyesha muda wa kazi ni ampea-saa; betri ya 4 hudumu takriban maradufu ya ile ya 2 yenye volti sawa, japo ni nzito zaidi.

Kabla ya kulipa, ushike msumeno ukiwa na betri yake, unyooshe mikono kwa dakika moja. Mikono ikitetemeka dukani, itachoka mapema zaidi shambani. Uliza pia iwapo minyororo na betri za akiba zinapatikana.

Wepesi wa chombo usikufanye uudharau. Ncha ya juu ya bapa ikigusa tawi, msumeno waweza kurushwa nyuma kuelekea usoni. Vaa miwani ya kinga, glavu na viatu vigumu. Usikate ukiwa juu ya ngazi. Na uondoe betri kabla ya kugusa mnyororo.

Tawi zito likatwe kwa hatua tatu: kwanza chini, sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina, kisha juu, mbele kidogo ya mkato huo, lianguke bila kubambua ganda, mwisho kisiki kilichobaki kiondolewe karibu na shina, pasipo kuudhuru uvimbe ulioko penye kiungo. Hapo ndipo mti huanza kujifunika jeraha.