Kahawa Ilikuwa na Saa Yake



Leo nawaletea historia ya kahawa. Sitasimulia ile ya mchungaji na mbuzi wake waliorukaruka baada ya kula buni. Hiyo ni hadithi tamu tu, na iliandikwa kwa mara ya kwanza huko Roma mwaka 1671, wakati kahawa ilikuwa imeshanywewa na Waislamu kwa zaidi ya miaka 200. Ninayotaka tuiangalie ni historia ya kahawa na usingizi. Tangu ilipoingia mikononi mwa Waislamu, kahawa ilikuwa kinywaji cha watu waliotaka kuuahirisha usingizi kwa sababu maalumu. Sisi tumerithi kikombe, lakini ile sababu na ile saa yake wengi tumeziacha njiani.

Naandika haya nikiwa Mpanda, mkoani Katavi, ninakoshona na kuuza nguo za harusi. Mabibi harusi wengi huja kupima gauni wiki ya mwisho na macho mekundu, wakiniambia, "Dada, silali." Ukiuliza wanakunywa nini usiku, jibu huwa ni lile lile. Kwa hiyo si historia ya kujifurahisha tu.

Yemen: kahawa ya wenye kukesha

Habari za uhakika za kunywa kahawa zinaanzia Yemen, katikati ya karne ya 15. Waliokuwa wakiinywa ni Masufi. Mmoja wa wanaotajwa ni mwanachuoni wa Aden, Muhammad al-Dhabhani, aliyefariki karibu na mwaka 1470. Masufi walikuwa na dhikri za usiku, na mchana walikuwa na kazi zao kama watu wengine: wafanyabiashara, mafundi, wakulima. Mtu aliyefanya kazi kutwa nzima akitaka kukesha na nyiradi, usingizi humshinda. Kahawa ikawa msaada wao.

Kutoka Yemen ikapanda hadi Makka na Cairo mwanzoni mwa karne ya 16. Abdulqadir al-Jaziri, aliyeandika kitabu kuhusu uhalali wa kahawa karibu na mwaka 1558, anatupa picha ya Wayemeni waliokuwa Cairo, karibu na Msikiti wa Azhar. Walikutana usiku wa kuamkia Jumatatu na usiku wa kuamkia Ijumaa. Kahawa ilikuwa kwenye chombo kikubwa cha udongo mwekundu. Kiongozi wao aliichota kwa kikombe kidogo na kuwapitishia, akianzia kulia, huku wakimtaja Mwenyezi Mungu.

Hebu tazama mpangilio ule, dada yangu. Siku zilijulikana, kikombe kilikuwa kidogo, na kazi ya usiku ule ilijulikana kabla maji hayajachemka. Hawakunywa kwanza halafu wakatafuta cha kufanya.

Makka, 1511: ugomvi wa usiku

Mwaka 1511 kahawa ilipata kesi yake kubwa ya kwanza. Makka ilikuwa chini ya dola ya Wamamluki wa Misri, na msimamizi wa masoko na maadili alikuwa Khair Beg. Usiku mmoja aliwakuta watu wamekusanyika karibu na Msikiti Mtukufu, wana taa zao, wanapokezana kikombe. Hakupenda alichokiona. Akaita wanachuoni, wakaletwa na matabibu, na kahawa ikapigwa marufuku mjini. Buni ikachomwa moto barabarani. Haikudumu: amri iliyokuja kutoka kwa Sultani huko Cairo haikuipiga marufuku kahawa yenyewe, ilikataza ile mikusanyiko iliyoambatana na mambo yasiyofaa. Baada ya mabishano ya miaka mingi, wanachuoni wengi waliafiki kwamba kahawa ni halali, kwa sababu hailevi.

Ninachojifunza hapo ni kwamba hata ndani ya kesi ile swali lilikuwa linahusu usiku. Watu wanakaa macho wakifanya nini? Kwa dhikri, kahawa ilikuwa msaidizi. Kwa kamari na porojo, kahawa ile ile ikawa mashakani. Swali hilo bado linatufaa leo, ingawa siku hizi mkusanyiko wenyewe uko ndani ya simu, kitandani.

Pwani: finjani na dele

Kahawa ilifika kwetu na watu wa bahari. Wahadhrami na Waomani waliokuja na pepo za kaskazi walikuja na dele, finjani na ustaarabu wa kumkaribisha mgeni. Mabaraza ya Mji Mkongwe, Lamu na Mombasa yakawa na muuza kahawa wake, anayegonganisha vikombe ili watu wajue amefika. Kahawa chungu kwa kashata au tende, yenye tangawizi au hiliki.

Baraza lilikuwa la wanaume. Wanawake kahawa yao ilikuwa ndani, na kuhusu hiyo tuna shahidi mzuri. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, aliandika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Anaeleza kwamba kahawa iliandaliwa muda mfupi baada ya chakula, katika vikombe vidogo sana, bila maziwa wala sukari. Haikuwa kinywaji cha kubeba na kuzunguka nacho kutwa nzima. Ilikuja kwa wakati wake, ikanyweka, vyombo vikaondolewa.

Tena kahawa ya zamani ilikuwa na kazi. Buni ikaangwe, itwangwe, ichekechwe, ichemshwe taratibu kwenye mkaa. Kazi ile peke yake ilikuwa kizuizi: hakuna aliyewasha mkaa saa 5 usiku kwa ajili ya kikombe kimoja.

Kutoka pwani hadi kwetu Katavi

Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Waarabu na Waswahili waliishi Tabora na Ujiji, na desturi za pwani zilisafiri nao: kanzu, wali, sala, na kahawa. Matawi ya njia hiyo yalipita katika nchi za Wakonongo, Wapimbwe na Wabende, ambazo leo ni Katavi. Stanley alipita huku mwaka 1871 akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, kwa sababu vita vya Mirambo vilikuwa vimefunga njia ya kawaida.

Mji wa Mpanda wenyewe ulikua na madini ya risasi na reli ya tawi kutoka Kaliua, mwaka 1950. Wafanyakazi na wafanyabiashara walikuja kutoka kila upande, nao wakaja na vijiwe vyao vya kahawa. Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012, vijiwe vile vilikuwepo zamani.

Tusidhani lakini kwamba bara lilisubiri pwani ndipo lijue kahawa. Wahaya wa Kagera walikuwa wakichemsha buni za robusta pamoja na majani ya mitishamba, wakazikausha na kuzitafuna, muda mrefu kabla Mzungu hajafika. Mgeni alikaribishwa kwa buni, na waliofanya udugu wa kuchanjiana damu waligawana buni. Hapo nako kahawa ilikuwa na mahali pake na wakati wake.

Mabadiliko makubwa yalikuja na kahawa ya unga ya kuyeyuka. Kiwanda cha TANICA kilianzishwa Bukoba katika miaka ya 1960, na kahawa ya kopo ikaingia kila duka. Sina ugomvi na kopo, mimi mwenyewe ninalo. Lakini limeondoa ile kazi iliyokuwa kizuizi. Sasa ni maji ya chupa, kijiko kimoja, dakika moja, saa yoyote.

Kinachotokea mwilini

Masufi walijua kahawa inafukuza usingizi, hawakujua kwa njia gani. Mwaka 1819 mkemia Mjerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, aliitenga kafeini kutoka kwenye buni. Baadaye ikafahamika inavyofanya. Tunapokuwa macho, kitu kiitwacho adenosini huongezeka kwenye ubongo saa baada ya saa, na ndicho kinachotuletea uzito wa usingizi. Kafeini hukaa kwenye nafasi ya adenosini, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake. Uchovu haujaondoka, ila mlango umezibwa.

Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini huondoka kwa kadiri ya saa 5, ingawa watu hutofautiana. Tufanye hesabu ya Mpanda. Ukinywa baada ya Isha, saa 2:30 usiku, nusu bado imo saa 7:30 usiku, na robo bado imo saa 12:30 asubuhi, Alfajiri imeshapita. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 uliwapa watu kafeini nyingi, miligramu 400, saa 6 kabla ya kulala. Walipoteza zaidi ya saa moja ya usingizi. Wengine husema, "Mimi nikinywa nalala tu." Huenda unalala kweli, lakini muda wa kulala na ubora wake vinapungua bila wewe kujua.

Kwetu wanawake kuna zaidi. Vidonge vya uzazi wa mpango huchelewesha kafeini kutoka mwilini, karibu mara mbili ya kawaida. Mimba huchelewesha zaidi, na miezi ya mwisho inaweza kufika saa 15 kwa nusu tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito anayezidisha miligramu 300 kwa siku apunguze. Bibi harusi aliyezoea kahawa ya jioni tangu usichana anaweza kushangaa mwaka wa kwanza wa ndoa kikombe kile kile kimeanza kumkesheza. Mwili wake ndio uliobadilika. Pia uliza aina ya buni: robusta ya Kagera ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro au Kigoma.

Misimu yetu, saa zetu

Saa ya ukutani ni moja Tanzania nzima, lakini jua si moja. Mpanda tuko magharibi, kwa hiyo jua letu linazama karibu nusu saa baada ya kuzama Unguja. "Kahawa ya baada ya Isha" ya Mpanda ni ya usiku zaidi kuliko ya Unguja, na duka au shule asubuhi hufunguliwa saa ile ile. Nusu saa hiyo inatoka kwenye usingizi.

Halafu kuna misimu. Mwezi wa sita na wa saba usiku wetu ni wa baridi, nanyi visiwani mna kipupwe. Kila mtu anataka kitu cha moto mkononi. Hapo ndipo kikombe cha pili na cha tatu huingia. Tangawizi na mchaichai vinatia joto vile vile bila kukesheza. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla ya mvua, Mpanda ni joto kali, kama nyinyi wakati wa kaskazi. Mwili unahitaji kupoa kidogo ndipo ulale, kwa hiyo usiku wa joto tayari ni mgumu, na kahawa ya jioni inauongezea ugumu. Wakati huo irudishe nyuma, iishie asubuhi. Mvua zikianza Novemba, usiku unapoa na usingizi unarudi wenyewe, usiufukuze.

Ramadhani nayo inazunguka. Kila mwaka inatangulia kwa siku 10 au 11, na hurudi msimu ule ule baada ya miaka 33 hivi. Mwaka 2015 ilianza Juni, tukafunga katika baridi. Sasa iko kwenye mvua, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na Desemba. Kahawa ya baada ya Tarawehe haina kanuni moja ya miaka yote. Itazame pamoja na msimu.

Na harusi? Huku kwetu harusi nyingi hufuata mavuno, na nyingine huwahi Shaaban. Wiki ile kuna singo, hina, wageni, na simu zisizokwisha. Makungwi na masomo, nawaomba mliongeze hili katika mafunzo yenu: kahawa ya mwisho ya bibi harusi iwe kabla ya Adhuhuri. Qur'ani, katika Suratun-Nabaa, imeutaja usingizi kuwa ni mapumziko, na Mtume, rehema na amani zimshukie, hakupenda maongezi baada ya Isha. Nabii Daudi, amani iwe juu yake, alilala nusu ya usiku kwanza ndipo akasimama kusali, kisha akalala tena. Anayelala mapema huamka kwa tahajjud bila hata tone la kahawa.

Ukiwa na usiku wa kukesha kwa ajili ya Mola wako, kunywa kwa nia hiyo, kikombe kidogo, kama walivyofanya wa Yemen. Usiku mwingine funika dele mapema.

Allah atujaalie usingizi wenye raha na kuamka kwenye kheri. Amin.