Adui Aliye Chini ya Majani

Askari hufunzwa kumtambua adui kwa nyayo zake, kwa silaha zake na kwa njia anazozipitia. Lakini yuko adui asiye na nyayo wala harufu, ambaye chombo chake cha safari ni jani lililoanguka kijitoni. Habari zake zasimuliwa na misitu ya mpakani mwa nchi mbili jirani, Ukraine na Belarus.

Usiku wa tarehe 26 Aprili, 1986, kinu namba 4 cha mtambo wa nyuklia wa Chernobyl kililipuka. Wakati huo Ukraine na Belarus zilikuwa jamhuri za dola moja, Muungano wa Kisovieti. Upepo ulitawanya vumbi lenye mionzi katika jamhuri zote mbili, na misitu ikalinasa vumbi hilo mfano wa chujio. Misonobari iliyokuwa karibu na mtambo iligeuka rangi nyekundu, ikafa, ikaangushwa kwa matingatinga na kufukiwa katika mahandaki.

Lakini msitu mzima haufukiki. Majani yalipukutika na kuoza, na sesiamu iliyokuwamo ikaingia katika tabaka la juu la udongo. Mizizi iliifyonza, ikapanda hadi katika majani mapya, nayo yakaanguka tena. Sumu nyingi hubaki papo hapo. Maji huchukua kiasi kidogo tu kila mwaka. Jani likiangukia kijitoni, hulowa na kuachia sehemu ya sesiamu yake majini. Linalosalia hutafunwa na wadudu, wadudu huliwa na samaki, na samaki huliwa na binadamu. Vipande vingine hutuama chini ya maji, vikingojea mafuriko.

Katika mwaka ule ule wa 1986, kingo na mabwawa madogo yalijengwa kwa haraka ili uchafu usiufikie mto Dnieper, unaopita mjini Kyiv. Mengi hayakufaa sana, kwani strontiamu huyeyuka na kwenda pamoja na maji. Mwaka 1991 barafu iliziba mto Pripyat, maji yakafurika bonde lililochafuka, na kiasi cha strontiamu mtoni kikapanda. Ndipo ukajengwa ukingo wa udongo wa kulikinga bonde hilo. Mwaka huo huo Muungano wa Kisovieti ulivunjika, na maji yaliyokuwa ya dola moja yakawa ya majirani wawili.

Nguvu ya sesiamu hupungua kwa nusu kila miaka 30 hivi. Kwa hiyo mwaka 2016 nusu yake ilikuwa ingali ipo. Hata hivyo, mwezi Februari 2022 majeshi ya Urusi yaliingia katika eneo hilo, yakachimba mahandaki katika ardhi ambayo watangulizi wao wa mwaka 1986 walikuwa wamejitahidi kuifunika.

Ndugu askari, hapa pana funzo. Msitu ule umekuwa mlinzi bora kuliko mabwawa yaliyojengwa kwa pupa, mradi tu usichomwe, usichimbwe, wala usikatwe ovyo. Lindo la namna hiyo halihitaji risasi. Lahitaji askari anayeijua ardhi anayoikanyaga, na mwenye subira kuliko adui wake. Mpaka huwekwa na watu, maji hayaujui.