Otaku: Shabiki, Mraibu au Mkereketwa?

Neno otaku limeingia katika Kiswahili kupitia vijana wanaotazama anime, yaani katuni zinazotengenezwa Japani, na leo linasikika Nairobi na Dar es Salaam likitamkwa na watu ambao hawajui herufi hata moja ya Kijapani. Wazazi, walimu na waandishi wa habari wakitaka kulieleza kwa Kiswahili hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaosema otaku ni shabiki wa anime, basi. Wapo wanaosema ni mraibu wa anime, mtu aliyetekwa na kioo hadi akasahau masomo, kazi na ndugu. Naona tafsiri zote mbili zinakosea, kila moja kwa njia yake, na neno tunalolihitaji tumekuwa nalo siku nyingi: mkereketwa. Jambo hili lina uzito, kwa sababu jina analopewa kijana nyumbani ndilo linaloamua kama ataulizwa maswali au atanyang'anywa simu.

Kwa asili yake otaku ni neno la adabu. Taku ni nyumba, na hiyo o ya mwanzo ni kiambishi cha heshima. Neno zima lina maana ya "nyumbani kwako", na Wajapani wamelitumia kumtaja wanayezungumza naye bila kumtupia "wewe" usoni. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa, maana naye huuliza "hapo kwako hawajambo?" akiwa na maana ya mtu aliye mbele yake pamoja na wote walio nyuma yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wapenzi wa anime na manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani, walizoea kuitana hivyo wao kwa wao, na katika mfululizo wa anime uitwao Macross wa mwaka 1982 wahusika wenyewe husikika wakiitana otaku. Mwaka 1983 mwandishi Akio Nakamori, katika jarida la Manga Burikko, akalinyakua na kulifanya jina la kundi zima: vijana wasiojua kuvaa, wasiojua kuongea na watu, waliosongamana katika soko la Comiket. Hapo kiwakilishi cha heshima kikageuka nomino ya dharau.

Soko hilo lenyewe linapinga maelezo ya Nakamori. Comiket lilianza Tokyo mwezi Desemba 1975 likiwa na watu kama 700, wengi wao wasichana wa shule, waliokuja kuuziana majarida waliyoyaandika na kuyachora kwa mikono yao. Desemba 2019 lilipokea mahudhurio yapatayo 750,000 kwa siku nne. Mtu anayeuza pale amepanga kurasa, amekimbizana na tarehe ya mwisho ya mchapaji, amebeba maboksi kwenye treni, kisha amesimama nyuma ya meza tangu asubuhi akipokea sarafu na kujibu maswali ya wageni. Mwite vyovyote utakavyo, lakini huyo hakujitenga na watu.

Pigo kubwa kwa jina hilo lilikuja mwaka 1989, alipokamatwa Tsutomu Miyazaki, muuaji wa watoto wanne wa kike. Chumbani kwake zilikutwa kanda za video zaidi ya 5,000, na picha ya kuta zile zilizofunikwa na kanda ikaonyeshwa nchi nzima kama chumba cha otaku. Tangu hapo, kwa miaka mingi, mtu kujulikana kazini au shuleni kuwa ni otaku lilikuwa jambo la hatari. Toshio Okada, mmoja wa waanzilishi wa studio ya anime ya Gainax, alijitokeza kulitetea neno. Mwaka 1996 alichapisha kitabu kuhusu elimu ya uotaku, na somo hilo akalifundisha katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Kwake otaku ni mtazamaji mwenye jicho lililofunzwa, anayeona mwendo wa sekunde chache na kutambua ni mkono wa mchoraji gani. Utetezi wake una chumvi kidogo, lakini umeshika jambo ambalo wenye dharau hawakuliona: uotaku una maarifa ndani yake.

Ndiyo maana neno shabiki halitoshi. Shabiki wa Simba au wa Gor Mahia anaweza kuwa shabiki kwa kuvaa jezi na kushangilia siku ya mechi, na hakuna atakayemlaumu kwa kutomjua kocha wa mwaka 1985. Lugha yetu imelipa neno ushabiki maana ya upande mtu anaousimamia, hata tunasema "acha ushabiki" kwa anayebisha bila hoja. Otaku hasimamii upande. Amezama. Anajua studio, mwongozaji, sauti ya nani imetumika na hadithi ya manga iliachwa wapi. Ukimwita shabiki hukumtukana, ila umempunguzia sehemu kubwa ya kile anachokifanya.

Kosa la neno mraibu ni zito zaidi. Kwa wazee wa pwani uraibu ulikuwa tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, vitu vya kukirimiana barazani. Leo neno limehamia hospitalini na kwenye nyumba za wanaoacha dawa za kulevya, na huko linafanya kazi ya maana sana. Kulitumia kwa kila kijana anayependa anime ni kutoa majibu ya daktari kabla ya kipimo. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, limeutambua ugonjwa wa michezo ya kompyuta. Limetaja dalili tatu: mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine za maisha, na kuendelea hata anapoona madhara. Tena hali hiyo iwe imeyavuruga sana maisha yake, na kwa kawaida iwe imedumu walau miezi 12. Kutazama anime hakumo katika ugonjwa huo, wala idadi ya saa haikutajwa kabisa. Vivyo hivyo kwa hikikomori, watu wanaojifungia nyumbani, ambao daktari Tamaki Saitō aliandika kitabu kuwahusu mwaka 1998: kipimo chake ni miezi sita ya kutoshiriki katika jamii, na mtu anaweza kutimiza kipimo hicho bila kutazama katuni hata moja.

Kwamba saa hazikutajwa ni jambo la kutafakari, kwa sababu mizozo mingi ya nyumbani huanzia kwenye saa. Mfululizo wa kawaida wa anime huwa na sehemu kama 12, kila moja ya dakika 24 hivi, nao huonyeshwa mara moja kwa wiki. Anayeufuata kwa mtindo huo atatumia chini ya saa tano katika miezi mitatu, muda ambao watu wazima wengi huumaliza kwa mechi tatu za mpira. Mwingine akiamua kuanza One Piece, ulioanza Oktoba 1999 na kuvuka sehemu 1,000 Novemba 2021, amejitwika zaidi ya saa 400, na huduma za mtandaoni zitamsogezea sehemu inayofuata kabla hajanyanyua kidole. Wote wawili wanaitwa wapenzi wa anime. Hata huyo wa saa 400 bado hatumjui mpaka tuulize alizitoa wapi: kwenye Jumamosi zake kwa mwaka mzima, au kwenye usingizi wa wiki tatu kabla ya mtihani wa kidato cha nne? Swali la manufaa ni kitu gani kimeachwa ili anime ipate nafasi. Ada imelipwa? Mgonjwa ametazamwa? Rafiki aliyepiga simu alipokelewa? Na pesa iliyonunua sanamu ndogo ya mhusika ilikuwa ya akiba au ya kodi ya nyumba?

Wajapani wenyewe wameishughulikia mizani hii kati ya anime na maisha mengine katika hadithi, na mabadiliko ya hadithi hizo yanafundisha. Mwaka 2004 ulisambaa mkasa wa Densha Otoko, kijana otaku aliyemtetea mwanamke dhidi ya mlevi ndani ya treni, akatumiwa vikombe vya chai vya Hermès kama shukrani, kisha akaomba ushauri mtandaoni namna ya kumwalika chakula cha jioni. Mwaka 2005 ukawa filamu na tamthilia ya televisheni. Ili apendwe, kijana yule anabadilisha nywele na nguo, kana kwamba uotaku ni ngozi ya kuvuliwa mlangoni. Katika Wotakoi, manga ya mwandishi Fujita iliyotengenezewa anime mwaka 2018, mambo yamebadilika: wahusika wakuu wameajiriwa ofisini, wanapendana, na mapenzi yao kwa manga na michezo yanabaki palepale. Mzigo wa Narumi, mmoja wa wahusika hao, ni kuficha. Kazi anaimudu, ila anaogopa wenzake wakijua, kwa kuwa aliyekuwa mpenzi wake alimwacha kwa sababu hiyo. Mara nyingi kinachomlemea mpenda anime ni jina analobandikwa, kuliko anime yenyewe.

Sasa nieleze kwa nini mkereketwa. Kitu kikikukereketa kooni hakikuachi utulie mpaka ukishughulikie. Aliyekereketwa amepatwa na hamu ya namna hiyo juu ya jambo. Umbo la neno ni la kutendwa, na hilo ndilo linalonivutia: linasema mtu ameguswa na nini na kwa nguvu gani, halafu linanyamaza kuhusu anavyoishi. Mkereketwa anaweza kuwa mzazi mwema au mzembe, mwanafunzi wa kwanza au wa mwisho. Hukumu inabaki nje ya neno, tuitafute kwenye matendo yake. Utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi nao unalipa nafasi, maana hutaka tuanze na hazina ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake kabla ya kubisha hodi kwa lugha nyingine.

Litatolewa pingamizi kwamba neno hili lina harufu ya siasa. Ni kweli; Tanzania kuna mashina ya wakereketwa wa chama, yenye bendera ya kijani na mabenchi chini ya mti. Lakini watu husema pia mkereketwa wa Kiswahili na mkereketwa wa mazingira bila kumfikiria mgombea yeyote. Na hilo shina nalileta kama ushahidi wangu: wanaokaa pale wana familia na kazi, na hakuna anayewadhani wagonjwa kwa sababu ya ari yao. Wengine watauliza kwa nini otaku lisiachwe lilivyo, kama karate na sushi. Liachwe, kwa anayejiita hivyo mwenyewe na kwa anayeandika habari za Japani. Tuseme otaku wawili wamekutana, na uotaku kwa hali yenyewe. Ila mzazi anayeuliza mwanawe amekuwa nani hasaidiki kwa kujibiwa na neno lilelile alilokuwa akilitafutia maana.

Pingamizi zito ni la mwalimu au mzazi anayesema kwamba majina laini huficha maafa, kwamba kijana anayekesha hadi alfajiri na kufeli anahitaji kuambiwa ukweli. Nakubali kwamba yupo kijana wa namna hiyo. Huyo akishindwa kuacha ingawa anataka, na hali ikidumu mwezi baada ya mwezi, aitwe mraibu na apelekwe kwa mtaalamu. Lakini nyumba iliyokwisha kulitumia neno hilo kwa kila sehemu ya dakika 24 haitakuwa na neno lililobaki siku hiyo, wala kijana hatalisikia. Anayeambiwa kila jioni kwamba ni mgonjwa hujifunza kutazama kwa siri, chini ya shuka, na hapo ndipo mizani huanza kupotea kweli.

Kwa kamusi, basi, ningependekeza maelezo haya. Otaku, nomino, wingi uleule, viambishi vya upatanisho vya viumbe hai: mkereketwa wa anime, manga au michezo ya kompyuta mwenye ujuzi wa kina wa anachokipenda, asili yake ni Kijapani, neno la heshima la kumtaja msemeshwa. Na mwisho wa kidahizo iongezwe alama ya kutofautisha: taz. pia shabiki, si sawa na mraibu.