Karma ni tendo, si adhabu

Mtu mwovu akipatwa na balaa, siku hizi husemwa kuwa karma imemfika, kana kwamba maana ya neno hilo ni kisasi. Katika Kisanskriti, karma hutokana na mzizi wenye maana ya kutenda; ni tendo lenyewe. Anayeanza kusoma Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu chenye sura 18 na beti zipatazo 700, na alishike hilo kwanza. Arjuna, shujaa anayesita vitani Kurukshetra kwa kuwaona jamaa zake upande wa pili, anafundishwa humo na mungu Krishna kutimiza wajibu bila kung'ang'ania matunda yake. Sura ya 3 huitwa Karma Yoga, yaani njia ya tendo. Karma ingekuwa adhabu, jina hilo lingekosa maana.

Itapingwa kwamba Wahindu wenyewe huamini karma humrudia mtendaji, hata katika maisha yajayo. Ni kweli, lakini yanayorudi ni matokeo ya tendo, na Gita inatutaka tusiyafanye matokeo kuwa sababu ya kutenda. Wahenga wetu walikaribia funzo hilo: tenda wema nenda zako. Basi msomaji, anza na "tendo", na mengine yatakufungukia.