Ziada ya Potasiamu Damuni

Katika orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani, toleo la kumi lililopitishwa mwaka 1990, imo alama fupi, E87.5, ambayo karani wa kumbukumbu za hospitali huiandika pale tabibu anapothibitisha kuwa potasiamu imezidi kiasi katika damu ya mgonjwa. Na toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika Januari 2022, likaipa hali hiyo hiyo alama ya 5C76. Alama hazitutatizi. Kinachotutatiza ni jina, kwani wako wasemao haipakalemia, na wako, tena wengi, wasemao potasiamu nyingi mwilini, nami hawa wa pili siwezi kuwaafiki hata kidogo.

Potasiamu ya mwanadamu, takriban asilimia 98, maskani yake ni ndani ya seli, na aghalabu ndani ya misuli. Ile iliyomo damuni ni kidogo mno, milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita, na hicho kidogo ndicho kinachoutawala umeme wa moyo, hata ikipita 6.5 tabibu hangoji, maana moyo waweza kusimama wakati wowote. Sasa mtazame mgonjwa wa kisukari ambaye damu yake imeingia asidi kwa kukosa insulini: mwili wake umekwisha kupoteza potasiamu nyingi kwa mkojo, ilhali kipimo cha damu chaonyesha imezidi, kwa kuwa iliyosalia imetoka ndani ya seli ikamiminika nje. Ukimwambia ana potasiamu nyingi mwilini, umemwambia kinyume cha haki. Kadhalika wale waliofukuliwa katika vifusi vya London zama za mabomu, ambao watafiti Bywaters na Beall waliwaeleza mwaka 1941: walitolewa wakiwa hai, miguu imepondwa, kisha figo zikawakatalia kazi. Misuli iliyopondwa huimwaga potasiamu yake damuni, na figo iliyozimika haina uwezo wa kuitoa.

Kwa hiyo nasema ziada ya potasiamu damuni, na neno la mwisho lisiachwe, maadamu tiba yenyewe yafuata mpaka huo huo kati ya damu na mwili mzima. Kalsiamu hudungwa mshipani kuulinda moyo, wala haipunguzi potasiamu hata chembe. Insulini pamoja na sukari huirudisha ndani ya seli kwa saa chache. Kuitoa mwilini kabisa ni kazi ya mkojo, ya dawa za kuinasa tumboni, au ya mashine ya kusafisha damu.

Karani naye ana amana yake. Kanuni za Marekani, mathalan, hazimruhusu kuandika E87.5 kwa kuona tu tarakimu ya maabara, sharti tabibu awe ameitamka hali hiyo, na sababu yake, kama vile figo kushindwa, ipewe alama yake yenyewe. Jambo hili nalithamini sana, kwani wakati wa kutoa damu ya kupima, mkono ukikazwa mpira mno, au mgonjwa akikunja ngumi mara kwa mara, au chembe nyekundu zikipasuka ndani ya kichupa, kipimo hupanda ilhali damu iliyomo mishipani ni salama. Hapo hutolewa damu nyingine, ipimwe upya, na ikitoka 4.2, E87.5 haiandikwi.