Sahan: Watafuta Malisho wa Garissa, kutoka Ngamia hadi Pikipiki

Kabla Garissa haijawa makao ya serikali kwenye ukingo wa mashariki wa mto Tana, Wasomali wafugaji wa nyika ile walikuwa na desturi ya kutanguliza watu mbele ya mifugo, waende kutazama mvua imenyesha wapi na majani yameota kiasi gani. Na desturi hiyo, iitwayo sahan, ndiyo iliyokuwa msingi wa kila hijira ya jamaa na ngamia wao. Aliyepewa dhamana hiyo hakuchaguliwa kwa wepesi wa miguu pekee. Alichaguliwa kwa kuwa aliweza kuyapima malisho kwa macho, kukadiria kama maji ya bwawa yatadumu wiki moja au mwezi mzima, kutambua dalili za kupe na mbung'o, na, jambo lililo kubwa kuliko yote hayo, kuzungumza kwa adabu na wenye visima. Ahli zake hawakubomoa vibanda vyao wala kuwapakia ngamia mikeka na vyombo vya maji mpaka arudi na habari. Na lau angesema uongo, au angekosea, wanyama wangeangamia njiani na jina lake lisingesahaulika.

Utawala wa Kiingereza uliikuta desturi hiyo ukaibana. Sheria ya wilaya za pembezoni ya mwaka 1902, na ile ya wilaya maalumu ya mwaka 1934, ziliifanya nchi yote ya kaskazini mwa Kenya kuwa eneo lililofungwa, ambalo mtu hakuingia wala kutoka ila kwa idhini. Na doria zikafanywa na askari wa kikabila, dubas, wenye vilemba vyekundu, waliopanda ngamia kwa sababu hapakuwa na chombo kingine cha kutegemewa. Malori yalikuja kwa wingi wakati wa vita vya pili vya dunia, ambapo mwanzoni mwa mwaka 1941 majeshi ya upande wa Kiingereza yaliondoka pande za Garissa kuivamia Somalia ya Waitalia, yakaingia Kismayu mwezi wa Februari. Lakini adui yao wa kwanza alikuwa kiu, na wahandisi wa Afrika Kusini ilibidi wachimbe visima na kutengeneza njia kabla ya bunduki kulia. Lori, pamoja na nguvu zake zote, ni mtumwa wa barabara.

Uhuru haukuleta faraja upesi. Hali ya hatari iliyotangazwa katika nchi ile mwishoni mwa mwaka 1963, vita vya Shifta, kati ya serikali na waasi wa Kisomali, vilipokuwa vinawaka, iliendelea kisheria hadi mwaka 1991, miaka mingi baada ya vita vyenyewe kwisha. Na mtu asiyeweza kwenda atakako bila kushukiwa hana haja ya chombo chepesi. Hata mwaka 1996, maktaba ya taifa ilipotaka kuwafikishia vitabu watoto wa wafugaji wa Garissa, haikutafuta gari, bali iliajiri ngamia watatu, na kwa maoni yangu hapana ushahidi ulio bora kuliko huo wa jinsi mnyama huyo alivyokuwa bado hajapata mshindani.

Mshindani wake alikuwa amekwisha kujaribiwa katika jangwa jingine, mbali sana na Tana. Mwaka 1977 Mfaransa Thierry Sabine alipotea na pikipiki yake katika jangwa la Libya, katika mbio za Abidjan hadi Nice. Akaokolewa, na tarehe 26 Desemba 1978 akawaondosha Paris washindani wa kwanza wa mbio za Dakar, ambazo Cyril Neveu alizishinda kwa pikipiki ya cc 500. Mwaka 1980 ziliingizwa Vespa za cc 200, vyombo vya kwendea kazini mjini, na mbili zikafika Dakar. Baadaye fahari ikawapeleka watengenezaji kwenye injini kubwa mno, hata kufikia cc 1000, mpaka wasimamizi wakahofia mwendo, na tangu mwaka 2011 hairuhusiwi kupita cc 450.

Garissa hakuna aliyehitaji kanuni ili aujue wepesi. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki zilizo chini ya cc 250, na miaka iliyofuata Boxer na TVS, za cc 100 hadi 150, zikaenea mijini, kisha zikaingia maboma ya mbali. Injini ya pikipiki hizo hupozwa na upepo, haina rejeta ya kutoboka. Pikipiki ikizama mchangani watu wawili huinyanyua. Mafuta yake hubebwa katika dumu la lita tano. Adui zake ni mwiba wa mgunga, vumbi linaloziba chujio, na mchanga unaokula mnyororo. Hurudi na mitungi ya maziwa ya ngamia, hupeleka mgonjwa barabarani, hufuata ngamia aliyepotea. Na sahan, iliyokuwa kazi ya siku nyingi, sasa huweza kumalizika kati ya alfajiri na magharibi, kisha habari ikatangulia kwa simu.

Amri ya kutotoka usiku iliyowekwa baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, iliwanyima waendeshaji saa za baridi, ambapo mchanga huwa mgumu zaidi na injini haichemki. Lakini linalonishughulisha zaidi ni kasi ya habari yenyewe. Zamani mvua iliyonyesha mahali ilijulikana polepole, na majani yakapata wasaa wa kukua kabla ya makundi kuwasili. Siku hizi pikipiki kumi huifikia kwa siku moja, na mifugo ya koo nyingi hukutana juu ya malisho ambayo bado ni machanga. Wazee wenye visima ndio wanaoweza kupanga nani atangulie na nani asubiri, na kijana aliyefika kwa Boxer bado yampasa azime injini, ashuke, awasalimu, na kuomba ruhusa kama alivyoomba babu yake. Afanyaye hivyo hupewa zamu. Asiyefanya hivyo huwaletea jamaa zake ugomvi ambao machifu na mabaraza ya koo huchukua misimu kuutatua.